Baga mbichi, halafu shangazi yangu anaambiwa hajazoea vya mjini

Nyama ya kusaga haina cha midium, yaani kuiacha nyekundu ndani makusudi. Naanza na hilo maana ndilo limenifanya niandike, ningekuwa nimeletewa baga imezidi chumvi au mkate umekauka ningenyamaza tu nikaendelea na mambo yangu, lakini kuletewa nyama mbichi halafu mtu mzima aliyenilea aambiwe mbele za watu, kwa sauti, kwamba hajazoea vyakula vya mjini, hapana jamani. Hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Sehemu yenyewe siitaji jina. Ni hapa hapa Mbeya mjini na kwa sasa ndiyo habari ya mji, ukifungua simu unakutana nayo, wanafunzi wa vyuo wikiendi wote wako kule wanapigana picha na baga zao, foleni mpaka barazani. Mimi nauza nguo Mwanjelwa, chakula changu cha mchana ni chipsi mayai na kachumbari ya jirani na sijawahi kumlaumu mtu, ila mdogo wangu alikuwa kila siku dada lini tunaenda, dada wenzangu wote wameshaenda. Sasa siku hiyo shangazi alikuwa anakuja kutoka Tukuyu, ilikuwa kipindi kile cha baridi kali, Juni hivi au Julai, tukampokea stendi ya Nanenane tukasema basi tusipite nyumbani kwanza, tumpeleke shangazi akale vizuri. Tukachukua bajaji watu watatu na mfuko wake wa maparachichi miguuni, maana shangazi hawezi kuja kwa watu mikono mitupu, tukaenda.

Kufika kaunta shangazi akasalimia, "hamjambo wanangu." Yule dada keshia hakuinua hata macho. Akasema, "oda?"

Nikameza. Nikajiambia labda amechoka, watu wengi, acha. Lakini shikamoo inagharimu nini? Mtu ana mvi, amejifunga kitenge juu ya sweta, amekuanza yeye kukusalimia, na wewe ni umri wa wajukuu zake, unamjibu oda. Nikalipa, baga tatu na chipsi, kila moja 12,000, hela ambayo kwenye biashara yangu naijua inavyopatikana, tukaenda kukaa.

Tukakaa. Tukakaa sana. Meza za pembeni nao wamekaa, mmoja ameshakunywa soda yake imeisha anachezea chupa. Nikawa naangalia ile menyu ukutani, imejaa ukuta mzima, baga, piza, shawarma, biriani, kuku wa aina zote, juisi, mpaka makange yapo. Ndio maana hakuna kinachotoka! Niliwahi kusoma habari za wale ndugu wawili wa Marekani, Richard na Maurice McDonald, mwaka 1948 kule San Bernardino, California walifunga mgahawa wao wakaupanga upya, menyu wakaikata ikabaki vitu tisa tu, baga ikawa senti 15, kila mtu jikoni ana kazi yake moja, na chakula kikawa kinatoka hapo hapo. Hiyo ndiyo iliyowatajirisha, kukata. Hawa wa kwetu wamechukua baga, wamechukua makaratasi na vikofia, ile akili ya kukata menyu wameiacha huko huko.

Chipsi zikatangulia na hapa nitasema haki, chipsi zile ni nzuri. Sijui niseme mara ngapi. Viazi vyetu vya huku huku milimani, vimekatwa vinene kiasi, na unaona kabisa vimekaangwa mara mbili, mara ya kwanza moto wa wastani viive ndani, vinatolewa vinapumzika, halafu vinarudishwa mafuta yakiwa moto sana vikauke nje. Ukiuma vinalia, ndani laini, mafuta hayakugandi mdomoni. Nikaanza kulainika moyo. Nikamwambia mdogo wangu kweli mwanangu, ulikuwa na haki ya kunisumbua.

Ndio baga zikaja.

Shangazi haumi kitu asichokijua. Akaishika ile baga kwa mikono miwili akaivunja katikati taratibu juu ya karatasi, na nilikuwa naangalia mikono yake kwa hiyo niliona kila kitu. Nje ile nyama imeungua mpaka nyeusi, pembeni kahawia, halafu kuanzia robo ya ndani nyekundu, siyo ya waridi, nyekundu, na maji mekundu yakaanza kushuka kwenye mkate wa chini ukalowa ukawa kama uji, yakapita yakaja kwenye vidole vyake. Nikaweka kidole katikati ya nyama. Baridi. Baridi ya friji kabisa.

Akasema polepole, asiniaibishe, "Mwanangu, hii nyama haijaiva." Akafuta vidole na tishu akavikunja mapajani akasubiri.

Nikaichukua nikaipeleka kaunta. Sikwenda kwa shari, nawaambia ukweli, nilisema dada samahani naomba mtuivishie hii, ndani bado. Akaitazama sekunde moja akasema, "Hiyo ni midium, ndivyo zinavyoliwa." Nikamuuliza nani aliomba midium? Akanyanyua shingo akatazama kule mezani, akamwona shangazi na kitenge chake na ule mfuko, akasema kwa sauti foleni yote ikasikia, "Labda mama pale hajazoea vyakula vya mjini."

Kuna mtu nyuma yangu akacheka.

Sasa ngoja niseme na hili lisikilizwe. Kaka yangu ana bucha, nimekaa kwenye ile bucha tangu nasoma, mashine ya kusagia nyama naijua mpaka visu vyake. Kipande kizima cha nyama, steki, uchafu na vijidudu vikiwepo vinakuwa juu, kwa nje, ukiichoma nje vikaungua unaweza kula na ndani ikiwa nyekundu kama unapenda, shauri yako. Ila ukishaisaga ile nje yote imeingia ndani, imechanganyika, hakuna tena nje wala ndani. Ndio maana nyama ya kusaga inatakiwa moto ufike katikati, nyuzi joto 71 ndicho kipimo wanachokitumia hao Wamarekani wenyewe. Na hawakukitoa hewani. Mwaka 1993 kwa hao hao wazungu wanaosingiziwa kula midium, watoto wanne walikufa na watu zaidi ya mia saba wakaugua kwa baga ambazo hazikuiva, za migahawa ya Jack in the Box, bakteria anayeitwa E. coli. Watoto! Baada ya hapo ndio wakabana sheria za kupika. Na tusiende mbali, shule ya msingi tu si tulifundishwa minyoo ya tegu inatoka wapi? Nyama ya ng'ombe isiyoiva. Kwa hiyo yule asiyejua pale alikuwa nani, shangazi yangu au aliyevaa kikofia?

Halafu huo mji anaoujua yeye unalishwa na nani? Viazi alivyotuwekea kwenye sahani vimepandwa na mama kama shangazi kwenye ile baridi ya Isyonje, mchele wa biriani yao ni Kyela na Mbarali, maziwa na parachichi vinatoka Rungwe, shangazi mwenyewe anaamka kabla ya jua kukamua. Huyu mtu kala nyama nzuri kuliko pale tangu huyo dada hajazaliwa, nyama iliyochinjwa asubuhi ikapikwa mchana. Anajua nyama iliyoiva inavyotaka kuonekana. Hajazoea! Nilitetemeka. Nilitaka kusema maneno ambayo shangazi angeyasikia angenikemea yeye kwanza, nikajizuia kwa ajili yake.

Na hapa ndipo mambo yaliponivuruga, kwa sababu ingeishia hapo ningeandika msitie mguu pale nikamaliza.

Kijana wa jikoni alikuwa amesikia. Akatoka na aproni yake imejaa mafuta, hakuja kwangu, akapita moja kwa moja mpaka mezani, akainama, "Shikamoo mama." Shangazi akaitikia marahaba. Akaomba ile sahani kwa mikono miwili, akaigeuza akaiangalia, akasema, "Mama samahani sana, hii ni kosa letu, imetoka kwenye friza ikaenda motoni bado imeganda." Akanieleza na mimi niliporudi, kwamba foleni ikizidi wanabanwa watoe haraka, pati, yaani yale madonge bapa ya nyama ya kusaga, zinawekwa na barafu lake kwenye bamba lenye moto mkali, nje inaungua upesi wewe unadhani tayari kumbe katikati barafu haijayeyuka hata. Hakujitetea. Hakusema midium. Akasema natengeneza upya zote tatu, hata ambazo hamjalalamika.

Nilisogea karibu na dirisha la jikoni nikamwangalia. Akachukua nyama ambayo haijaganda, akaikanda kidogo tu, akaisambaza pana na nyembamba, katikati akabonyeza na kidole gumba ikabonyea ili isivimbe, chumvi akaitia mwishoni wakati inaenda motoni. Akaigeuza mara moja. Akaweka chizi juu akafunika na mfuniko wa sufuria, chizi ikayeyuka ikashuka pembeni. Mkate akaupasha kwenye mafuta yale yale ya nyama. Akatuuliza pilipili, shangazi akasema weka.

Aisee. Ile baga ya pili nitaisema bila kinyongo, ni tamu, sijawahi kula nyama ya kusaga tamu namna ile hapa mjini na nimekula kwingi. Imeiva mpaka katikati na bado ina maji yake, pembeni imekauka kidogo inakwaruza ulimi, kachumbari badala ya yale majani ya saladi yaliyolegea, mayonizi kidogo siyo yale mafuriko. Mdogo wangu hakuongea mpaka alipomaliza. Shangazi alikula yote, akakunja karatasi, na kijana alipopita tena akamwambia, "Ndaga fijo mwanangu," yaani asante sana, na yule kijana kumbe ni wa kwao huko huko, akacheka mpaka meno ya nyuma, akamjibu kwa Kinyakyusa wakaanza kuulizana vijiji. Nikasema basi, yameisha, nitawasifia.

Hayakuisha. Wakati wa kutoka nikapita kaunta kuomba risiti, maana sikupewa mwanzoni, na ni haki yangu, nimelipa 36,000. Yule dada akaniangalia akasema, "Si mmekula mkamaliza?" Yaani mpaka hapo! Hakuna samahani, hakuna pole mama, shangazi kasimama pembeni yangu na mfuko wake. Meneja alikuwepo, alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu karibu na friji ya soda anaangalia simu, nikamwambia ndugu yangu mmesikia hayo? Akasema, "Tutalifanyia kazi." Akarudi kwenye simu. Risiti nilipata baada ya kusimama pale nikawazibia watu njia.

Kwa hiyo mkiniuliza ni pazuri au pabaya, inategemea mnaniuliza nikiwa na hasira au nikiwa na njaa. Nikikumbuka ile baga ya pili nasema pazuri. Nikikumbuka kicheko cha yule mtu nyuma yangu kwenye foleni nasema pafungwe hata kesho. Chakula cha 12,000 hakitakiwi kutegemea bahati ya nani yuko jikoni na kama amesikia ugomvi, maana siku kijana yule akiwa ameenda kwao likizo wateja watalishwa barafu na damu na kuambiwa hawajazoea. Yeye peke yake ndiye mgahawa pale. Mwenye mali kama unasoma, mwongezee mshahara huyo mtoto kabla hajaondoka, na huyo wa kaunta mkalishe chini umfundishe kwanza kusalimia, mashine ya kupokea hela atajifunza baadaye.

Nyota sitoi mbili wala nne. Kijana wa jikoni nampa zote tano, na siku akifungua kibanda chake hata kiwe nyuma ya soko gani mtanikuta na shangazi yangu pale wa kwanza. Kaunta naipa sifuri. Na wewe unayeenda wikiendi hii na watoto, ivunje katikati kwanza kabla hawajauma, ukiona nyekundu irudishe, na wakikuambia midium waambie wampigie simu mwenye bucha awaeleze.