Kalamu ya skrini: kagua mwili kabla ya ncha

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: kalamu ilichora vizuri dukani, ilipofika nyumbani ikawa inakwamakwama. Watu huilaumu ncha, wakati mara nyingi tatizo ni mwili wa kalamu.

Kioo cha simu hakijali umekikandamiza kiasi gani. Kinahisi chaji ndogo ya umeme ikivutwa na kitu kinachopitisha umeme, kama kidole. Kalamu isiyo na betri ni njia tu kutoka kwenye kioo hadi mkononi. Rangi nyepesi juu ya alumini haidhuru, lakini plastiki iliyopakwa rangi ya fedha huikata njia hiyo. Muuzaji anaijua bidhaa yake: akikuonyesha, huishika chini kabisa, kwenye pete ya chuma. Wewe ukiandika unaishika juu zaidi.

Basi ukiwa dukani Barabara ya Digo, Mombasa, ishike pale unapoishikia kalamu ya wino, vidole visiguse pete, uvute mstari mrefu polepole. Ukikatika, mrudishie. Usijisumbue na sumaku, kwani alumini haishikwi. Ukiwa umeshanunua, zungushia foili ya jikoni kutoka kwenye pete hadi vidole vinapokaa, foili iguse chuma. Na simu isiwe kwenye chaja unapojaribu. Chaja mbovu hukifanya kioo kirukeruke hata kwa kidole.

Kati ya kalamu ninazozipendekeza, ya kwanza, wala sifichi upendeleo, ni S Pen ya Samsung. Skrini inayoikubali ina tabaka la Wacom, kampuni ya teknolojia ya kalamu, linaloisoma kalamu na kuipa nguvu kwa sumaku ya umeme, kwa hiyo mwili wa plastiki hauna madhara na kuandika hakuhitaji kuchaji. Tableti ya Galaxy Tab S6 Lite ya mwaka 2020 ilikuja nayo ndani ya boksi. Ina viwango 4096 vya mkandamizo: mchora hina anapata jani linaloanza nene na kuishia uzi. Tahadhari, simu nyingi za Galaxy A hazina tabaka hilo, na simu za kukunja Z Fold3 hadi Z Fold6 zinataka S Pen yao maalumu.

Ya pili ni Apple Pencil, kwa mwenye iPad tayari. Linganisha modeli kwanza: ya USB-C ya 2023 haisomi mkandamizo kabisa, na kalamu ya kizazi cha kwanza haifanyi kazi kwenye iPad inayotumia kalamu ya kizazi cha pili.

Tatu, kalamu za kuchaji za "simu zote". Kioo huziona kama kidole, kwa hiyo kiganja chenye jasho la Mombasa nacho huchora. Vaa glavu ya pamba iliyokatwa vidole vitatu. Vuta mstari wa mshazari taratibu uone kama unayumba.

Za ncha ya mpira: za kubonyeza tu. Mpira ukichanika, tupa.

Kuhusu wauzaji, kuna hili: boksi linafunguliwa, ncha za akiba zinatolewa, kisha unauziwa zilezile kando. Bei nayo hutajwa baada ya kutazamwa viatu. Dai boksi lifunguliwe mbele yako, hesabu ncha, kisha ndiyo utume M-Pesa.