Taa ya matumbawe juu ya samaki wa Nyasa: uzoefu wangu Uyole

Hii taa ya LED imetengenezwa kwa ajili ya matumbawe ya baharini. Mimi nimeifunga juu ya tangi la mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, hapa Uyole, Mbeya. Niliinunua Kariakoo kwa laki moja na ushee, ikapandishwa basi hadi stendi ya Nane Nane. Kampuni haijulikani. Ndani ya boksi kuna bamba la alumini lenye safu za taa nyeupe na za bluu, adapta na remoti.

Nguvu yake ina sababu. Matumbawe mengi hupata sehemu kubwa ya chakula kutoka kwa mwani mdogo mno unaoishi ndani yake, na mwani huo unataka mwanga, hasa wa bluu. Maji humeza mwanga mwekundu mapema, bluu ndiyo inayofika chini. Kwa hiyo mfuga matumbawe anahitaji bluu ya kutosha, tena anaipandisha polepole kwa wiki kadhaa yasije yakapauka. Mbuna hawana habari hizo. Wanachokula zaidi ni mwani ulioota juu ya mawe. Wao wapatie mwanga wa kuotesha huo na wa wewe kuwaona, basi. Ukiiwasha asilimia mia, vioo vinaota kijani na samaki hawatoki mapangoni.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90 na kina cha 45. Nimeweka nyeupe asilimia 35, bluu 15, kwa saa nane kwa siku. Bluu nimeipangia kwa macho tu: ikizidi, dume la bluu lenye mistari linapendeza kweli, lakini wale wa njano wanafifia, wanaelekea ukijani usioeleweka. Nyeupe peke yake nayo inafanya tangi zima lionekane kama ofisi. Hapo kwenye 15 kila mmoja ana rangi yake, na juu ya mawe kuna utando wa kijani ambao samaki wanaukwangua kutwa nzima.

Sasa lawama. Taa ina saa yake ya ndani na inaweza kupambazuka taratibu, kitu kizuri sana, maana mwanga wa ghafla unawashtua samaki wanagonga mawe. Tatizo ni umeme ukikatika. Ukirudi, saa inaanza upya kwenye saa sita usiku. Umeme ukirudi saa nane mchana, taa iliyopangiwa kuwaka saa nne asubuhi inakuja kuwaka saa sita usiku, sebule nzima bluu. Ajabu, viwango vya mwanga haisahau, ni saa tu. Aliyeniuzia aliniambia zote ziko hivyo.

Dawa yake ni taima ya kuchomeka ukutani, ile ya kidijitali yenye betri ndani. Ya kuzungusha kwa mkono haifai, nayo inasimama umeme ukikatika. Taa iache kwenye hali ya kawaida, bila kutumia saa yake, taima iwashe na kuzima. Kule kupambazuka taratibu utakukosa, kwa hiyo fungua pazia kwanza.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna jambo jingine. Juni na Julai chumba kinapoa sana huku hita ikishikilia maji kwenye nyuzi 25. Mvuke unaganda matone chini ya kifuniko cha kioo, yanachanganyika na maji yanayorukia hapo kutoka tangini, na yakikauka yanaacha utando mweupe wa chokaa unaopunguza mwanga kuliko unavyodhani. Futa kwa siki kabla hujagusa remoti. Waya wa adapta uuache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likiteremka lidondokee sakafuni.

Kwa bei hiyo ningeinunua tena, ila bei ya taima ihesabu humo humo. Mwenye mpango wa kufuga matumbawe atafute yenye saa isiyopotea.