Nakala ya mtumba ya 1984: uzoefu wangu

Nakala yangu ya 1984, riwaya ya George Orwell iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1949, niliinunua kwa shilingi 5,000 kwa muuza vitabu vya mitumba Mtwara mjini, nikisubiri gari la kurudi Newala. Ni ya Kiingereza na jalada limefifia, ila maandishi yanasomeka hata kwa taa ya sola.

Wengi huisifu kwa ile runinga ya ukutani inayomchunguza mtu chumbani mwake, ambayo mhusika mkuu, Winston Smith, anaweza kuipunguza sauti lakini hawezi kuizima. Mimi kilichoninyima usingizi ni ajira yake. Katika Wizara ya Ukweli, kazi yake ni kuandika upya magazeti ya zamani ili yalingane na asemayo leo Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama kinachotawala, na karatasi ya awali hutumbukizwa katika tundu la ukutani ikateketezwe. Nami ni karani wa ghala la korosho: kwetu tarakimu iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na aliyeikosea hutia sahihi pembeni. Kwa hiyo nilipofika pale ambapo mgawo wa chokoleti umeshushwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki, kisha ikatangazwa kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuupandisha hadi gramu 20, nilirudi nyuma kuhakikisha sijasoma vibaya. Mkulima wa huku angedai gunia lirudishwe kwenye mizani. Winston hana mizani. Anayo kumbukumbu yake tu, na Chama kinamfuata hata humo.

Sehemu ya pili inazorota pale Winston anapomsomea mpenzi wake Julia kitabu kirefu cha siasa; hata Julia mwenyewe anasinzia. Aliyesoma Kusadikika cha Shaaban Robert atakumbuka kwamba mshtakiwa Karama, pamoja na dhuluma yote, alipewa nafasi ya kujitetea barazani. Hapa hakuna baraza.

Lawama yangu ni kwa muuzaji, aliyeniapia kwamba kitabu ni kizima. Kiambatisho cha mwisho, kinachoeleza jinsi Chama kinavyopunguza maneno ya lugha ili wazo la uasi likose hata jina la kuitwa, kilikuwa kimechanwa, nikalazimika kuazima nakala ya mwalimu mmoja ili nikimalize. Riwaya naipa nyota tano, nakala yangu nyota mbili. Ukinunua ya mtumba, fungua kurasa za nyuma kabla ya kutoa fedha.