Raba za breki za baiskeli: tazama rimu kwanza

Aprili, mvua ikinyesha, niliteremka Museum Hill, hapa Nairobi, nimekamata breki zote mbili na baiskeli ikaendelea na safari zake. Rimu, lile duara la gurudumu linaloshika tairi, ilikuwa inalia kraa kraa, kama kijiko kinachokwangua ukoko. Raba zilikuwa na wiki mbili tu. Nilipozifungua nikakuta vipande vya alumini vinang'aa ndani. Nilivichokoa kwa sindano: kumi na kimoja.

Wengi mnaniuliza raba ipi inashika. Mimi nauliza ipi haili rimu. Waya ikivutwa, raba mbili hubana ukuta wa rimu na msuguano hugeuza mwendo kuwa joto. Raba ngumu hunasa mchanga na chembe za alumini, ikawa msasa. Ukuta ukiliwa sana, presha ya tairi inaweza kuupasua ukiwa barabarani. Pitisha kidole: ukihisi bonde, shida imeshaanza. Na rimu mpya ni kusuka spoki upya, si mchezo.

Ya kwanza kwangu ni Kool-Stop, zile za rangi ya samoni. Hakuna aliyenilipa. Zina oksaidi ya chuma na zimekusudiwa mvua. Mwaka wa pili huu nakula nazo matope ya Ngong Road na rimu bado laini. Kuzipata ndiyo kazi; zangu aliniletea binamu.

Ya pili ni Shimano za kiatu. Kiatu, yaani kishikio cha raba, kinabaki; unachomoa pini na kubadilisha raba tu. Ujanja wangu: kiatu cha Shimano, raba ya Kool-Stop ndani.

Zile za shilingi mia? Bonyeza kwa ukucha. Usipoacha alama, rudisha. Mwenye baiskeli ya Black Mamba ya rimu za chuma, chuma kikilowa huteleza kwa raba yoyote. Shika breki mapema.

Sasa wauzaji. Raba za V-breki, zile breki za mikono miwili mirefu, huja na washa (vijipete) zenye mbonyeo, ndizo zinazokuwezesha kuigeuza raba ilale sawasawa kwenye rimu. Duka moja mjini waliniuzia bila washa. Nilipouliza, "Hizo ni za urembo tu, madam." Kumbe zilikuwa kwenye kopo pale mezani, zinauzwa kando! Na bei hupanda wakiona helmeti. Siku hizi yangu naiacha kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara, ndipo naenda kuuliza bei.