Un prophète: gereza kwa macho ya kijana asiyejua kusoma

Malik El Djebena anaingia gerezani akiwa na umri wa miaka 19, amehukumiwa kifungo cha miaka sita, na mali yake yote ni noti moja aliyoikunja na kuificha. Askari magereza anayempekua anaiona mara moja. Muda mfupi baadaye, uwanjani, wafungwa wenzake wanampiga na kumnyang'anya viatu. Filamu haituambii amelelewa na nani, wala haijali kutuhakikishia kama kosa la kumshambulia polisi alilitenda kweli. Hana ndugu wa kumtembelea, na hata angeletewa barua asingeweza kuisoma. Jacques Audiard, mwongozaji wa filamu hii ya Kifaransa iliyotoka mwaka 2009, ambayo jina lake lina maana ya "Nabii", alimweka mhusika wake mkuu katika utupu huo kwa makusudi, kisha akatumia zaidi ya saa mbili na nusu kutuonyesha unavyojazwa, nani anaujaza, na kwa gharama gani.

Sijaona filamu ya gerezani inayoizidi hii, na hukumu yangu haitokani na kisa chenyewe, kwa kuwa kisa cha kijana dhaifu anayepanda ngazi za uhalifu kimesimuliwa mara nyingi na wengi. Inatokana na namna picha zilivyofungwa kwenye ujuzi wa mhusika. Tunaona kile ambacho Malik anakijua, kwa upana ule ule anaokijua, na kadiri anavyojifunza ndivyo fremu inavyofunguka mbele yetu. Mtindo wa picha na ujenzi wa mhusika ni kazi moja, na ndiyo maana nitavizungumzia pamoja.

Tuanze na dakika za mwanzo. Skrini ni nyeusi, sauti zinatangulia, kisha vinajitokeza vipande vya picha vilivyozungukwa na giza: mikono, sehemu ya uso, mtu anayezungumza ambaye hatumwoni vizuri. Stéphane Fontaine, aliyesimamia upigaji picha, anairudia mbinu hii ya kuziba kingo za picha mara kadhaa, kana kwamba tunachungulia kupitia tundu. Mtazamaji asiye na subira anaweza kudhani ni pambo la msanii. Lakini ukiangalia ni wakati gani inatumika, utagundua kuwa inakuja pale ambapo Malik hajaelewa kinachotendeka. Giza lile ni ujinga wake, kwa maana ya kutojua, na sisi tunalazimishwa kuushiriki. Hatupewi picha pana ya gereza zima kutoka juu, wala ramani ya nani ni nani. Tunajifunza jengo lile kama mfungwa mpya anavyojifunza, ukuta kwa ukuta na mlango kwa mlango.

Gereza lenyewe halikuwa la kweli. Lilijengwa kwa ajili ya filamu, na kazi hiyo ya Michel Barthélémy inastahili sifa zaidi ya inazopewa. Korido zake ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana ni lazima mmoja ageuze bega, na kamera inayobebwa mkononi inagongana na hali hiyo hiyo. Rangi ni za kijivu na buluu iliyofifia, mwanga ni haba, na hakuna jaribio lolote la kulifanya gereza lipendeze kwa kulitia vivuli vya kishairi. Wafungwa wa zamani walishirikishwa katika filamu, na nadhani ndiyo sababu mambo madogo madogo, kama namna mtu anavyosimama mlangoni pa seli ya mwenzake kabla ya kukaribishwa, yana uzito wa desturi ya kweli.

Mamlaka ya gereza hilo yako mikononi mwa César Luciani, mzee mwenye mvi kutoka Korsika, kisiwa cha Ufaransa, aliyeigizwa na Niels Arestrup. Si nyapara aliyeteuliwa na uongozi, lakini kuna askari wanaokula fedha zake, na neno lake linatosha kufungua au kufunga mlango. Anamhitaji Malik kwa jambo moja. Ameletwa mfungwa aitwaye Reyeb, Mwarabu anayesubiri kutoa ushahidi, na Wakorsika hawawezi kumfikia. Reyeb amemtamani Malik bafuni na kumwahidi hashishi. César anampa kijana chaguo lisilo chaguo: amuue Reyeb, au auawe yeye.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niiheshimu filamu hii moja kwa moja. Malik anafundishwa kuficha wembe mdomoni, kati ya shavu na meno, kisha kuutoa kwa ulimi na kuukamata kwa meno. Anafanya mazoezi mbele ya kioo, anashindwa, anajikata, na damu inamtoka mdomoni akiwa bado hajamgusa mtu. Audiard haharakishi. Tunaona ugumu wa kazi yenyewe kama tunavyoona ufundi wowote mtu anapojifunza, na hofu yetu inakua kwa sababu tunaelewa hatua zote na tunajua ni ipi itakayokwama. Siku inapofika, Reyeb anampokea kwa ukarimu, anamzungumzia vitabu, anamwambia ajifunze kusoma, kwamba afadhali mtu atoke gerezani akiwa na akili zaidi ya alizoingia nazo. Kisha mauaji yanatokea, nayo hayana ustadi hata kidogo: ni mieleka ya watu wawili katika chumba kidogo, damu nyingi, na kijana ambaye ana hofu kuliko anayemuua.

Baada ya hapo Reyeb haondoki. Anarudi kwenye seli ya Malik, anakaa, anazungumza, analala pembeni yake, na akivuta sigara moshi unatokea kwenye jeraha la shingo. Hakuna ukungu, hakuna sauti ya kutisha, wala mwanga wa kuashiria kwamba huyu ni mzuka. Amepigwa picha katika mwanga ule ule wa kila siku, kama mfungwa mwingine aliyepangiwa seli hiyo. Uamuzi huo wa picha unamjenga Malik kuliko kilio chochote. Kijana huyu hasemi kamwe kuwa anajuta, wala hatumwoni akitubu mbele ya mtu. Anaishi tu na aliyemuua, na ushauri wa marehemu ndio anaoutekeleza. Anaanza darasa la kusoma, silabi kwa silabi, na mwalimu wa kwanza wa maisha yake anabaki kuwa mtu aliyemchinja.

Tahar Rahim, ambaye hakuwa na jina kubwa wakati huo, anaigiza yote haya karibu bila kuinua sauti. Tazama macho yake anapohudumia kahawa kwenye seli ya César. Wakorsika wanamdharau kwa kuwa ni Mwarabu, Waarabu wanamdharau kwa kuwa ni mtumishi wa Wakorsika, na yeye katikati anasikiliza. Wale wazee wanazungumza Kikorsika mbele yake wakiamini ni kama ukuta, hadi siku anapomfichulia César kwamba amejifunza lugha yao kwa kusikiliza tu. Rahim hasherehekei wakati huo. Anaitamka habari hiyo kwa unyenyekevu wa mtumishi, na papo hapo tunaelewa kwamba utumishi wake umekwisha, ingawa mzee mwenyewe bado hajaelewa.

Kinywa kina kazi kubwa katika filamu hii, na sidhani ni kwa bahati. Ndimo wembe ulimofichwa, ndimo zinamotoka lugha tatu ambazo zinampa Malik nafasi ya kupita katikati ya makundi, na ndimo inamodhihirika athari ya kifungo kwa uwazi kuliko mahali pengine popote. Anapopewa ruhusa ya kutoka kwa siku moja, anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege anasimama mbele ya mlinzi, na bila kuambiwa lolote anafungua mdomo na kutoa ulimi, kama anavyofanya gerezani kila anapopekuliwa. Ni tendo la sekunde chache. Rahim analifanya haraka, kwa utiifu wa mtu ambaye mwili wake umekwisha kufunzwa, na hakuna mhusika yeyote anayelieleza. Mwongozaji mwingine angetuwekea hotuba kuhusu madhara ya jela. Audiard ametuwekea ulimi.

Jicho nalo lina historia yake. César anapogundua kuwa kijana wake ana shughuli zake binafsi, anamkandamiza jicho kwa kijiko. Ni adhabu ya kikatili inayosumbua kuitazama, na mahali alipopachagua panaeleweka: Malik ndiye anayetumwa nje kumwangalizia mzee mambo yake, na mzee anataka akumbuke kuwa kuona kwenyewe ni mkopo.

Arestrup amemwigiza César kwa namna ambayo wengi wangeikosa. Hampi ukubwa wa jambazi wa sinema. Anatembea polepole uwanjani, anakaa kwenye benchi lake, anatoa amri kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno. Serikali inapoamua kuwahamisha wafungwa wa kisiasa wa Korsika wawe karibu na kwao, watu wake wengi wanaondoka, na hapo Audiard na Fontaine wanafanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa filamu alichunguze. Sauti ya César haibadiliki, benchi halibadiliki, mwendo ni ule ule. Kinachobadilika ni idadi ya watu walio nyuma yake katika picha. Upande wa pili wa uwanja kundi la wafungwa Waislamu linaongezeka, na eneo tupu la katikati, ambalo mwanzoni lilikuwa la Wakorsika kulivuka wapendavyo, linazidi kuwa pana kwa mzee huyo. Sitasema linaishiaje. Nitasema tu kwamba ukiitazama filamu hii mara ya pili, ufuatilie uwanja huo peke yake, nani amesimama wapi na nani anamfuata nani, na utausoma mgogoro mzima hata ukizima sauti.

Jina la mhusika mpya mara nyingine huandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha anapoingia katika maisha ya Malik: Reyeb, Ryad, Jordi. Kwa kijana anayejifunza kusoma, majina hayo yaliyoandikwa yana maana ya pekee, maana ni watu anaowaweka katika orodha ya akili yake. Ryad, aliyeigizwa na Adel Bencherif, ndiye wa pekee anayempenda bila kumtumia, na ugonjwa wa saratani unaomwandama unaleta katika filamu huzuni ambayo haitokani na kisu wala bastola. Reda Kateb, katika nafasi ya Jordi muuza dawa za kulevya, anang'aa kila anapotokea, na ningetaka angepewa muda zaidi.

Filamu ina udhaifu, na ni haki kuutaja. Katika nusu ya pili, biashara za nje ya gereza zinakuwa nyingi na majina ya washirika yanafuatana kwa kasi, kiasi kwamba mtazamaji makini anaweza kupoteza uzi wa nani anamdai nani. Ule umoja wa picha na ujuzi nilioueleza unalegea hapo, kwa sababu Malik anaelewa mambo ambayo sisi hatujapewa nafasi ya kuyaelewa. Kuna pia ndoto ya paa, wale wanyama wa porini, na unabii unaotokana nayo barabarani, sehemu ambayo imepigwa picha kwa uzuri mkubwa lakini inabeba jina la filamu kwa nguvu kupita kiasi. Na wanawake karibu hawapo: Djamila, mke wa Ryad, ana utu wa kutosha katika uso wa Leïla Bekhti, lakini hadithi haimpi la kufanya zaidi ya kusubiri. Kundi la Waislamu nalo, tofauti na Wakorsika, linabaki kundi. Ni wachache tu ndani yake wanaopata uso na sauti.

Tuzo hazikukosekana. Filamu ilipata Grand Prix katika tamasha la Cannes mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo 9 za César, tuzo za kitaifa za sinema nchini Ufaransa, zikiwemo za filamu bora, upigaji picha na usanifu wa mandhari, huku Rahim akishinda mbili kwa uigizaji huo mmoja na Arestrup akishinda kama mwigizaji msaidizi. Ilifika pia kwenye orodha ya mwisho ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni.

Kwa atakayeitafuta, nina ushauri wa aina mbili. Ina damu, matusi, na mandhari za kingono, kwa hiyo si ya kuitazama sebuleni watoto wakiwa macho. La pili ni kuepuka kabisa nakala iliyowekewa sauti za lugha moja juu ya sauti za waigizaji. Kifaransa, Kiarabu na Kikorsika vinapishana hapa kila dakika, na nani anazungumza lugha gani mbele ya nani ni sehemu ya kisa. Tafuta nakala yenye sauti za asili na maandishi ya tafsiri chini ya skrini, na ikiwezekana yanayoonyesha lugha inapobadilika.