Ukumbi wa Harusi Dar: Kuanzia Ninaoupenda Hadi Ninaoukimbia

Nimekaa kamati saba za harusi hapa Dar, nne nikiwa mweka hazina, na kila mara ugomvi wa kikao cha kwanza ni ukumbi. Upande wa bwana harusi wanataka mkubwa kwa sababu mjomba ana watu wake. Shangazi wa bibi harusi ameona mapambo kwenye simu na hataki kusikia kingine. Maharusi wenyewe, ambao deni likibaki ni lao, wamekaa pembeni wanatabasamu tu.

Mimi huuliza mawili: watu wangapi watakuja kweli, na saa sita usiku watarudije makwao?

Kwenye idadi, achana na ahadi. Hesabu kadi, na kila dabo ni viti viwili hata kama mwenyewe bado hajamalizia mchango. Kisha usidanganywe na bango la "watu 500", maana mara nyingi hiyo ni hesabu ya viti vilivyopangwa kama kanisani. Ukiweka meza za duara za watu kumi kumi, meza kuu, keki, dijei na maspika yake, na njia ya maharusi kuingia wakicheza, kadiria mita ya mraba moja na nusu kwa kila mgeni. Kwa hiyo ukumbi wa mita 20 kwa 15 ni wa watu 200. Mkiingiza 280, wahudumu watapitisha sahani juu ya vichwa vya watu.

Tarehe nayo ianzie kwenye ndoa, si kwenye sherehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21, na makanisani kuna matangazo ya Jumapili tatu. Nimeona watu wamelipa advansi ya Jumamosi iliyoangukia katikati ya Kwaresima, halafu wanakwenda kumbembeleza paroko. Wakristo wengi wanasubiri Pasaka ipite, Waislamu wanasubiri Ramadhani iishe, ndiyo maana Jumamosi za baada ya hapo hugombaniwa kama viti vya daladala. Ijumaa na Jumapili ni rahisi kupata, na bei hushuka ukiomba.

Namba moja kwangu ni ukumbi wa wastani, wa watu 200 hadi 350, ulio upande wa mji wanakoishi wageni wenu wengi. Kama ukoo uko Tabata, Segerea na Kinyerezi, tafuteni huko huko. Ya nini kuwapandisha watu hadi Mbezi Beach kwa foleni ya Jumamosi jioni? Kina mama wakubwa hawapendi kuondoka usiku mnene, na ukumbi ukiwa mbali utawaona wanaanza kukusanya mikoba kabla zawadi hazijatolewa. Angalieni pia kama njia inapita Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha, Barabara ya Morogoro pale imeshafungwa mara nyingi kwa mafuriko, na wageni wa Kariakoo na Ilala wanabaki kuzunguka mji.

Kumbi za aina hii hazilingani ubora, kwa hiyo kagueni kwa macho na masikio. Mwaka jana nilikwenda kuona mmoja, kijana aliyeshika funguo akanipokea vizuri.

"Jenereta lipo?"

"Lipo dada, tena kubwa."

"Liwashe nilisikie."

Alicheka, akaenda kutafuta mafuta. Dakika ishirini. Lilipowaka, taa zikarudi, feni zikarudi, lakini viyoyozi vyote sita vikabaki kimya. Nikamuuliza, akasema hivyo vinakula umeme mwingi, jenereta halivibebi. Ule ukumbi hauna madirisha ya maana. Siku ya shughuli umeme ukikatika saa mbili usiku na suti zote zile mle ndani, keki itatangulia kuyeyuka kabla MC hajamaliza utambulisho. Tuliondoka, tukapata mwingine mita 300 kutoka pale, wenye rangi mbaya ukutani na jenereta zuri. Rangi mpambaji anaifunika kwa vitambaa.

Namba mbili ni kumbi za taasisi: za parokia na sharika, mabwalo ya jeshi na polisi, vyuo. Watu wa Dar wanazijua, kama Msimbazi Centre pale Ilala au Bwalo la Polisi Oysterbay. Faida yake ni maegesho, ulinzi, na bei ambayo mara nyingi haikuumizi. Kasoro ni masharti. Baadhi ya kumbi za dini haziruhusu pombe, na pengine muziki unazimwa saa iliyoandikwa hata kama babu ndiyo kwanza ameingia kati kucheza. Kama upande mmoja wa familia hawanywi, hilo si tatizo, ni ahueni ya bajeti. Ombeni masharti kwa maandishi, msiridhike na "mtaongea na sista".

Namba tatu itawashangaza baadhi: nyumbani, kwa turubai. Kwa nikaha na walima naiweka hata namba moja. Sufuria za pilau zinapigwa kuni uani, kina mama wana upande wao, wanaume wao, na hakuna wa kukutoza kwa kichwa. Ila si bure kama watu wanavyodhani. Turubai, viti, taa, maji na vyoo vya kukodi vikijumlishwa vinasogelea bei ya ukumbi mdogo. Serikali ya mtaa ijulishwe mapema, hasa mkitaka kuziba njia, na majirani waalikwe wote. Jirani asiye na kadi ndiye anayelalamikia muziki.

Hoteli naziweka namba nne, si kwa ubaya. Kwa maharusi wenye wageni 80 au 120, wasiotaka kamati wala vikao vya Jumapili, hoteli inamaliza kila kitu mahali pamoja. Tabu ni kwamba bei ni ya kichwa, na vichwa vya harusi ya Kiswahili havina mwisho. Piga hesabu: sahani ya shilingi 60,000 kwa watu 300 ni milioni 18, hujagusa soda. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 18 ndani au itaongezwa mwishoni, na kama mkileta vinywaji vyenu mtatozwa kwa kila chupa. Bei hiyo ya chupa inaweza kuzidi faida yote ya kununua kreti kwa jumla.

Bustani na fukwe, Kunduchi, Mbezi Beach, Kigamboni: namba tano. Picha zinatoka nzuri, sibishi. Lakini zile Jumamosi zinazogombaniwa baada ya Pasaka ndizo za masika, na turubai zuri linaongeza gharama ambayo hamkuipanga. Juni hadi Septemba ni kukavu, ila upepo wa kusi pale ufukweni unapeperusha shela na vitambaa vya meza. Kigamboni mna daraja la Nyerere tangu 2016, hivyo panton si lazima tena, ingawa mgeni wa Goba, upande wa pili wa mji, bado atawauliza amewakosea nini. Kelele nazo mzifikirie: muziki wa wazi unasikika mbali, NEMC, wasimamizi wa mazingira, wana kanuni za kelele za mwaka 2015, na hakuna ukuta wa kuwaficha.

Mwisho kabisa, kumbi kubwa za mji, Mlimani City, Diamond Jubilee na wenzake. Kama mna watu 700, basi, hamna pa kwenda pengine. Shida yangu ni na familia ya watu 300 inayokodi jumba la heshima ili isemwe. Nusu ya bajeti ya mapambo inakwenda kuficha nafasi tupu, na bibi harusi akiinuka meza kuu hawaoni wageni wa nyuma, anaona giza.

Mkishachagua, mkataba uandike kiasi cha advansi kinachorudi tarehe ikibadilika, idadi ya viti na meza mnavyopewa, jenereta na mafuta yake ni ya nani, na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi. Na saa ya mpambaji kuingia. Hii imeniuma mwenyewe. Ukumbi mmoja ulitoa mchana kwa kichen pati bila kutuambia, mpambaji wetu akafungiwa nje na vitambaa vyake kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, hadi saa kumi. Maharusi walipofika saa mbili usiku na matarumbeta yao, kijana alikuwa bado juu ya ngazi katikati ya ukumbi akifunga taa, na MC akalazimika kumtambulisha.