Krismasi Kibosho nikiwa na mfuko tumboni: uzoefu wangu na mfuko wa vipande viwili

Agosti utumbo wangu ulitoboka kwa homa ya matumbo. Nilipozinduka nilikuta upande wa kulia wa tumbo kuna kijimdomo chekundu na mfuko umebandikwa juu yake. Ileostomi, daktari akaniambia, yaani utumbo mwembamba umetolewa nje ya tumbo ili choo kitokee hapo, ya muda tu. Swali langu la kwanza likawa: Desemba nitakwenda nyumbani Kibosho, kule Moshi? Mchaga yeyote anayekaa Dar ananielewa.

Mifuko niliyoanza nayo ilikuwa ya kipande kimoja, gundi na mfuko vimeshikana. Kila ukibadilisha unabandua na gundi yake, ngozi inachubuka. Kwa ajili ya safari nikahamia ya vipande viwili. Hii bamba la gundi linabaki mwilini siku tatu hadi nne, mfuko wenyewe unaubana juu ya pete kama mfuniko wa kopo la siagi, mpaka usikie "ta!" Bei inauma. Nikaongeza na mkanda wake wa kiunoni, na huo ndio nilioushukuru kuliko vyote, maana Dar hadi Moshi ni kilomita 550 na ushee, na Desemba basi halifiki mapema.

Nilikata siti ya korido. Mkanda wa siti ulikuwa unapita juu ya stoma kabisa, yaani kile kijimdomo, nikakunja kitenge nikakiweka chini yake. Kosa nililokaribia kulifanya ni kutokunywa maji ili mfuko usijae. Mwenye ileostomi hafanyi hivyo, kwa sababu choo kinatoka bado cha majimaji, na maji na chumvi za mwili vinakwenda nacho. Nilikoroga ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwenye chupa ya lita moja nikawa naionja kidogokidogo. Mahindi ya kuchoma yaliyoletwa dirishani niliyaangalia tu. Maganda yake yanaweza kuziba utumbo.

Korogwe nilimwaga vizuri, mfuko ukiwa umejaa theluthi. Usingoje ujae, uzito unavuta bamba. Tulipoipita Mombo ukaanza kuvimba upepo, na konda hana habari ya kusimama. Nikamwita pembeni, "Kaka, nina tatizo la tumbo, naomba tuchimbe dawa." Akasimamisha bila maneno. Wenzangu wakatafuta pa kuchuchumaa. Mimi nilisimama nyuma ya kichaka na khanga yangu, nikafungua mdomo wa chini wa mfuko, nikamwaga, nikasuuza kwa maji ya chupa, nikawa wa kwanza kurudi garini. Nilicheka peke yangu.

Kibosho chakula chenyewe kilikuwa upande wangu. Mtori ni laini, na ndizi zinasaidia choo kiwe kizito. Makande niliyapita. Mbege nayo niliikataa kwa sababu ya gesi, shangazi akanitazama: "Umeokoka lini?" Mama tu ndiye aliyekuwa anajua. Akanipokonya ile kata akainywa yeye.

Kasheshe ilikuja tarehe 24 jioni. Nafungua pakiti ya akiba, mfuko unagoma kushika kwenye bamba. Nasukuma, wapi! Kusoma namba: bamba milimita 57, mifuko milimita 45. Duka lililoniuzia Dar halikuangalia, na mimi sikuangalia. Nikashuka Moshi mjini, nikazunguka maduka ya dawa hadi yanafungwa, nikapata mifuko miwili tu ya kipande kimoja. Kwa hiyo Krismasi nzima nilikuwa naufua ule mfuko mmoja wa vipande viwili niliokuja nao kwa maji ya uvuguvugu na kuuanika chumbani nyuma ya pazia. Hapo nitausifu, kwani pete yake haikulegea. Kichujio cha gesi, kile kinachotoa upepo mfukoni, ndicho kilichokufa baada ya kulowa, ukawa unavimba kila saa.

Chemka nilienda, ile chemchemi ya kuogelea, Boma Ng'ombe pale. Nilibandika kile kistika kidogo cha kuzuia maji juu ya kichujio, nikavaa fulana nyeusi ndefu na taiti, nikaingia. Karibu saa nzima majini bamba lilishika, ila kurudi nyumbani ukingo wa chini ulikuwa umeanza kuinuka, nikalibadilisha usiku huohuo ingawa lilikuwa la siku mbili tu. Mabamba mengine niliyaacha kwenye gari juani, gundi ikalainika ikashikana na karatasi yake. Yakae kivulini, kwenye mkoba unaokaa nao wewe.

Kuhusu kutupa: tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, kwa hiyo ile rambo nyeusi ya kuficha mambo haipo. Mimi nilikuwa namwaga choo chooni, nasuuza mfuko, nauviringisha kwa gazeti, natia kwenye mfuko wa kaki kisha shimo la taka. Ndani ya choo cha shimo usiutumbukize, hauozi.

Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeinyima kwa kichujio. Kipande kimoja ningekitumia nikiwa nyumbani tu, karibu na bafu langu. Safari ya kurudi nilikuwa na mabamba mawili na mfuko mmoja uliofuliwa mara sijui ngapi, na konda alikuwa yuleyule. Kabla sijasema kitu akaniuliza, "Dada, tusimame wapi leo?"